Namba 311: bahati nasibu ya jeshi na vijana wa Marekani walioipitia

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama kutoka Bukavu, mashariki mwa Congo, na sasa tunaishi Marekani. Mwanangu wa kiume, ambaye ndiye wa pekee, anatimiza miaka 18 mwezi ujao, na shuleni wamemwambia ni lazima aandikishwe kwa serikali kwa ajili ya jeshi. Nililia sana. Tulitoka kwetu ili asije akabebeshwa bunduki. Nilipomweleza jirani yetu, mzee Mmarekani, aliniambia nisiogope, kisha akasema: “Namba yangu mimi ilikuwa 311. Ya rafiki yangu ilikuwa 8.” Akanyamaza, akaingia ndani. Hiyo namba ni ya nini? Ni kweli vijana wao walichezeshwa bahati nasibu ya kwenda vitani? Na mwanangu naye atapewa namba?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na la mwanao, maana ndilo linalokukosesha usingizi.

Kuandikishwa si kuitwa. Idara inayoitwa Selective Service huweka orodha ya wanaume wenye miaka 18 hadi 25 wanaoishi Marekani, raia kwa wahamiaji, wakiwemo wakimbizi na hata wasio na karatasi. Wanaoachwa nje ni wachache, kama vile wanafunzi wa kigeni ambao viza zao za masomo bado ni halali. Orodha hiyo ilirudishwa mwaka 1980 na Rais Jimmy Carter baada ya Wasovieti kuingia Afghanistan, na tangu hapo hakuna kijana hata mmoja aliyepelekwa jeshini kwa sababu jina lake limo. Jeshi la Marekani ni la kujitolea tangu 1973. Ili vijana waanze tena kuitwa kwa lazima, Bunge lao linatakiwa kupitisha sheria na Rais aitie saini. Si jambo la afisa kuamka asubuhi na kuja kugonga mlango wako, kama mlivyozoea kuona huko mlikotoka.

Kwa hiyo asiachwe nje ya orodha kwa sababu ya woga. Kutokuwemo ni kosa la jinai, na kwa mhamiaji linauma zaidi, kwa sababu siku atakapoomba uraia ataulizwa. Hakikisha jina lake limeingia ndani ya siku 30 tangu atimize miaka 18, na karatasi ya uthibitisho uiweke pamoja na hati zenu za ukimbizi. Kuhusu kuwa mtoto wa kiume wa pekee, utasikia watu wakikuambia kwamba mtoto kama huyo hachukuliwi. Si kweli. Kinga iliyopo ni ya familia iliyokwisha kupoteza mtu wake akiwa katika utumishi wa jeshi la Marekani, na hata hiyo haimwondolei kijana wajibu wa kuandikishwa. Ni bora uyasikie haya kwangu leo kuliko kuegemea uvumi.

Namba je? Bunge likiamua hivyo siku moja, ndiyo, atapewa. Utaratibu uliopo kwenye maandishi bado ni bahati nasibu ya tarehe za kuzaliwa. Huanza na wanaotimiza miaka 20 mwaka huo, kisha wa 21 hadi 25, halafu wa 19, na wa 18 mwisho kabisa.

Sasa twende kwa mzee wako, maana hakukutania. Kama alizaliwa kati ya 1944 na 1950, basi siku yake ya kuzaliwa ni 19 Agosti, na ya rafiki yake ni 7 Septemba. Nimejua kwa sababu jedwali la bahati nasibu iliyochezwa usiku wa 1 Desemba 1969 lilichapishwa magazetini na lipo hadi leo. Kila tarehe ya mwaka ilipewa namba, na kila kijana akawa na namba ya tarehe yake.

Ili uelewe kwa nini walifikia hapo, fikiria hali ilivyokuwa kabla. Marekani ilikuwa inapigana Vietnam, na mwaka 1966 pekee vijana wapatao 382,000 waliingizwa jeshini kwa lazima. Waliowachagua walikuwa bodi za mitaa, zaidi ya 4,000 nchi nzima. Kila bodi ilikuwa na watu wachache wa eneo hilo waliokaa mezani na mafaili na kuamua huyu aende, yule aahirishiwe. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliahirishiwa. Mwenye watoto aliahirishiwa. Mwenye daktari wa familia aliyekuwa tayari kuandika barua kuhusu mgongo au pumu yake alikuwa na nafasi nzuri. Mtoto wa mkulima mdogo wa Mississippi au wa kibarua wa kiwanda cha Detroit hakuwa na chuo wala daktari wa namna hiyo, kwa hiyo ndiye aliyekwenda. Kati ya wajumbe wa bodi hizo mwaka 1966, Wamarekani weusi hawakufika hata wawili katika mia, ilhali katika miaka hiyo ya mwanzo askari weusi walikuwa wanakufa vitani kwa wingi uliopita sehemu yao katika idadi ya watu.

Tena walioitwa kwanza walikuwa wakubwa kwa umri, kwa hiyo kijana aliweza kuishi tangu miaka 19 hadi karibu 26 akiwa hajui. Hapati kazi ya maana, kwa sababu mwajiri anauliza, “Je, jeshi limemalizana nawe?” Hajui aoe au asubiri. Watu waliopitia miaka hiyo huizungumzia kama miaka ya kukaa na sanduku lililofungwa nusu.

Rais Richard Nixon aliahidi kurekebisha. Mnamo 26 Novemba 1969 alitia saini sheria iliyoruhusu bahati nasibu. Kwa haki nimpe sifa moja: kijana sasa angekuwa hatarini kwa mwaka mmoja tu. Mwaka huo ukipita bila kuitwa, alirudishwa nyuma ya foleni na kwa kawaida yakaishia hapo. Jambo lenyewe halikuwa geni kwao. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mnamo 20 Julai 1917, Waziri wa Vita Newton Baker alifungwa kitambaa machoni akachomoa namba 258. Mnamo Oktoba 1940 Waziri Henry Stimson alifanya vivyo hivyo, ikatoka 158. Tofauti ni kwamba 1969 kulikuwa na televisheni sebuleni.

Usiku wenyewe ulikuwa Jumatatu, 1 Desemba 1969, katika makao makuu ya Selective Service jijini Washington. Kapsuli 366 za plastiki za rangi ya buluu, kila moja ikiwa na tarehe ndani, pamoja na 29 Februari, zilimiminwa kwenye chombo kikubwa cha kioo. Mbunge Alexander Pirnie wa New York alitia mkono akatoa ya kwanza: 14 Septemba. Tarehe hiyo ikawa namba 1. Baada yake vijana walioletwa kuwakilisha majimbo wakaendelea kuchomoa moja moja: 24 Aprili ikawa ya pili, 30 Desemba ya tatu, 14 Februari ya nne. Ya mwisho kabisa, namba 366, ilikuwa 8 Juni. Pia walipanga herufi za alfabeti kwa kura, ili bodi ijue nani atangulie kati ya waliozaliwa siku moja. J ilitangulia, V ikashika mkia.

Wewe ni mama, kwa hiyo nitazame nawe jedwali lile kwa jicho la mama. Aliyezaliwa 7 Septemba alipata namba 8. Aliyezaliwa siku mbili baadaye, 9 Septemba, alipata 263. Mama wawili walioingia wodi moja juma moja: mmoja uchungu ulimshika mapema, mwingine ukachelewa, na miaka ishirini baadaye tofauti hiyo ndiyo iliyoamua mtoto yupi apelekewe barua. Namba zilizoitwa kutokana na kura hiyo ziliishia 195, tarehe ya 24 Septemba. Kuanzia 196 kwenda juu, walipona. Lakini usiku ule hakuna aliyejua mstari utapita wapi. Serikali ilidokeza tu kwamba theluthi ya kwanza wajiandae, theluthi ya mwisho watulie, na wa katikati… wa katikati walibaki wakihesabu kila mwezi namba zinavyopanda.

Vijana walisikilizaje? Waliopo hai wamesimulia sana, na masimulizi yao yanafanana kwa namna inayonishangaza. Katika mabweni ya vyuo walijazana kwenye chumba chenye televisheni. Wengine walichanga pesa, atakayepata namba ndogo kuliko wote azichukue akanywe. Mwanzoni kulikuwa na kelele. Kisha tarehe ya mtu ikasomwa, akainuka bila kusema kitu, akatoka. Akatoka na wa pili. Waliobaki walizidi kupumua kwa kila namba iliyopanda, na papo hapo wakaona aibu kwa kupumua, maana aliyetoka ni yule wanayelala naye chumba kimoja. Wapo waliofungua redio kura ikiwa imefika katikati, wakakaa hadi mwisho wasisikie tarehe yao, wasijue kama imekwisha kusomwa au wamepitiwa. Hao walilala na mashaka hadi gazeti la asubuhi. Wengine walikuwa zamu kiwandani au jikoni hotelini, na namba zao wakaambiwa na mtu wa pembeni.

Hapa ndipo penye jambo ambalo naona watu wengi wanalipita haraka. Kabla ya usiku ule, vita ilikuwa mzigo wa kizazi kizima. Kijana aliyeandamana Oktoba 1969 aliandamana pamoja na rafiki zake kwa sababu wote walikuwa katika hatari moja, hata kama hatari hiyo haikugawanywa sawa. Kura ilipopigwa, kila mmoja alikabidhiwa namba yake akaachwa nayo. Mwenye 311 na mwenye 8 walikuwa wameketi kwenye kochi moja saa mbili usiku, na kufikia saa nne walikuwa na maisha mawili tofauti, na hapakuwa na afisa, bodi wala adui wa kumlaumu. Utamlaumu nani? Chombo cha kioo? Siku ya mama yako ya kujifungua? Wapo wanahistoria wanaosema Nixon alitaka hasa hivyo, kupoza vyuo kwa kuwatuliza walio wengi. Mimi nakubaliana nao kwa sehemu. Maandamano hayakufa. Alipotangaza mnamo 30 Aprili 1970 kwamba majeshi yanaingia Kambodia, vyuo vililipuka, na mnamo 4 Mei wanafunzi wanne waliuawa kwa risasi katika chuo cha Kent State, Ohio. Lakini ndani ya chumba, kati ya rafiki na rafiki, kitu kilikuwa kimekwisha kukatika. Mzee wako aliposema namba yake na ya mwenzake kwa pumzi moja, naamini ndicho alichokuwa anakutajia.

Kura yenyewe nayo ilikuwa na dosari, na hili wengi hawalijui. Kapsuli zilitiwa kwenye sanduku mwezi kwa mwezi, Januari kwanza na Desemba mwisho, kisha zikachanganywa kidogo tu, kama mchele uliomwagwa juu ya maharage ukageuzwa mwiko mara moja. Za miezi ya mwisho wa mwaka zilibaki juu, mikono ikazifikia mapema. Wastani wa namba ulipaswa kuwa karibu 183 kwa kila mwezi. Waliozaliwa Machi walipata wastani wa zaidi ya 225, wa Desemba 121 na kitu. Wiki chache baadaye wataalamu wa takwimu walilianika jambo hilo hadharani. Kwa kura iliyofuata, ya Julai 1970, walitumia vyombo viwili, kimoja cha tarehe na kingine cha namba, kwa mpango uliotayarishwa na wanahisabati. Lakini ya 1969 haikurudiwa. Wa Desemba walikwenda na namba zao.

Je, namba ndogo ilikuwa hukumu? Hapana, na hapa ndipo upendeleo wa zamani uliporudi kwa mlango wa nyuma. Namba ilisema uko wapi kwenye foleni. Uwezo wa kufanya lolote kuhusu foleni hiyo ulitegemea bado una nini na unamjua nani.

Aliyekuwa chuoni aliendelea kuahirishiwa hadi amalize, akiomba vita iishe kabla yake. Wapya waliondolewa nafuu hiyo mwaka 1971. Mwenye namba kubwa na mshauri mjanja alifanya kinyume: aliacha kuahirishiwa kwake kwa hiari siku za mwisho za Desemba 1970, akahesabiwa kuwa alikuwa wazi kuitwa mwaka huo, na mwaka mpya ulipoingia mwaka wake wa hatari ukawa umekwisha. Mwenye namba ndogo na jamaa mwenye sauti alitafuta nafasi katika National Guard, jeshi la akiba la majimbo, ambalo kwa kawaida halikupelekwa Vietnam na foleni yake ilikuwa ndefu ajabu. Asiye na jamaa alikimbilia Jeshi la Anga au la Majini, akajitolea kwa miaka mitatu au minne ili asishikwe kwa miwili ya askari wa miguu. Hesabu za serikali zilimwandika “aliyejitolea”. Aliyejitolea na namba 20 mfukoni!

Wengine walitafuta daktari. Wengine walijinyima chakula hadi uzito ukashuka chini ya kiwango cha kupokelewa. Wapo waliokwenda mbele ya bodi kueleza kwamba dhamiri yao hairuhusu kuua, na hilo halikuwa jambo dogo kwa kijana wa miaka 19 mbele ya wazee wa mtaa wake waliopigana na Wajerumani na Wajapani. Zamani ilibidi uthibitishe imani ya dini. Mnamo Juni 1970 Mahakama Kuu yao iliamua kwamba msimamo wa kimaadili wenye uzito kama ule wa dini nao unatosha. Makanisa ya amani, yaani yanayokataa vita, hasa Wakweka (Quakers), yalikuwa na washauri waliokaa na vijana hawa jioni kwa jioni wakiwasaidia kuandika maelezo yao. Waliokubaliwa walipewa kazi badala ya jeshi, mara nyingi hospitalini, miaka miwili ya kubeba wagonjwa na kusafisha wodi.

Makumi ya maelfu walivuka mpaka kwenda Canada. Huko hakukuwa na mlinzi wa kuwapiga risasi, lakini kurudi nyumbani kulikuwa na jela, na wapo ambao mama zao walizikwa bila wao kuwapo. Carter aliwasamehe waliokwepa kuitwa mnamo 21 Januari 1977, siku yake ya kwanza kamili ofisini, ila hakuwasamehe walioingia jeshini kisha wakatoroka. Naulizwa mara kwa mara kama Muhammad Ali alikuwa katika bahati nasibu hii. Hapana. Yeye alizaliwa 1942 na aliitwa kwa utaratibu wa zamani. Alikataa kula kiapo mjini Houston mnamo Aprili 1967, akavuliwa ubingwa, akahukumiwa miaka mitano, akabaki nje kwa dhamana hadi Mahakama Kuu ilipoifuta hukumu hiyo mwaka 1971.

Na wengi, nasema tena wengi, walikwenda tu. Hawakukimbia wala hawakuandamana. Walipata barua, wakapanda basi kwenda kupimwa afya, wakasimama kwenye foleni wakiwa na nguo za ndani tu, wakanyolewa, wakaanza kazi. Historia huwasahau hawa kwa sababu hawakuandika barua ndefu. Walikuwa watoto wa watu wanaofanana na mimi na wewe, ambao baba zao walisema, “Ukiitwa, unakwenda.” Pia si wote walioishia Vietnam. Wakati namba zinaanza kuitwa mwaka 1970, Nixon alikuwa ameanza kupunguza wanajeshi huko, na aliyeitwa mwaka 1971 aliweza kabisa kumaliza miaka yake miwili akilinda ghala la mafuta nchini Ujerumani. Jumla ya Wamarekani waliokufa katika vita ile ni zaidi ya 58,000, nao Wavietnam waliokufa ni mamilioni, na hao hakuna aliyewapa namba kabla.

Bill Clinton alizaliwa 19 Agosti 1946. Namba yake ilikuwa 311, sawa na ya mzee wako. Wakati huo alikuwa mwanafunzi Oxford, Uingereza. Siku mbili tu baada ya kura, 3 Desemba 1969, alimwandikia barua kanali mmoja wa Arkansas aliyekuwa amempa nafasi ya mafunzo ya uofisa, akimshukuru kwa kumwokoa asichukuliwe. Barua hiyo ilitokea hadharani mwaka 1992 akigombea urais, ikakaribia kumwangusha. Ukiisoma unaona kijana anayeichukia vita, anayeutaka uongozi, na anayeona haya kwa kupona, yote kwa pamoja. Kupona kulikuwa na bei yake. Waliopata namba kubwa waliendelea na masomo, wakaoa, wakapata kazi, na wakaishi wakijua kwamba idadi iliyotakiwa na serikali haikupungua kwa sababu wao hawakwenda. Mtu mwingine alikwenda. Ndiyo maana ukikutana na Mmarekani aliyekaribia miaka 80, huenda amesahau namba ya simu ya nyumba aliyokulia, lakini namba yake ya kura anaikumbuka.

Kwa kuwa kura iliwagawa vijana bila kujali tabia wala akili zao, wachumi baadaye waliitumia kupima vita ilimfanya nini mtu. Joshua Angrist, aliyepewa Nobel ya uchumi mwaka 2021 pamoja na wenzake wawili, alionyesha mwaka 1990 kwamba askari weupe wa zama hizo walikuwa bado wanapata kipato pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko wenzao, miaka mingi baada ya kuvua sare. Miaka miwili aliyochukuliwa kijana ilikuwa ile ambayo wenzake walikuwa wanajenga ujuzi kazini. Utafiti mwingine ulifuatilia watu waliokuwa wamemaliza sekondari mwaka 1965 na kukuta kwamba waliopata namba ndogo waliichukia vita zaidi na kubadili msimamo wao wa kisiasa, na athari hiyo ilionekana hata miongo mitatu baadaye, hata kwa wale ambao hawakuvaa sare. Namba peke yake ilitosha.

Kura nyingine zilifanyika 1970, 1971 na Februari 1972. Katika ile ya mwaka 1970 namba za juu zilizoitwa ziliishia 125, katika ya 1971 ziliishia 95. Waliozaliwa 1953 walipewa namba Februari 1972, wakajiandaa, wakaaga wachumba, na hakuna aliyeitwa kutokana na namba hizo. Wito wa mwisho ulitolewa Desemba 1972, na mwezi uliofuata ilitangazwa kwamba basi.

Usidhani jambo hili limebaki vitabuni. Nchini Thailand hufanyika kila Aprili hadi leo. Vijana wanaotimiza miaka 21 hukusanyika, na nafasi za jeshi zisipojaa kwa wanaojitolea, kila mmoja hutia mkono ndani ya chombo na kutoa kadi. Nyeusi, unarudi nyumbani. Nyekundu, unakwenda, hadi miaka miwili. Wazazi husimama pembeni. Wapo wanaoruka kwa furaha na wapo wanaozimia. Kule angalau mkono ni wako mwenyewe. Sijui kama hilo ni afadhali au ni adhabu zaidi, na nimewahi kuwasikia wanafunzi wangu wakibishana juu yake kipindi kizima. Watanzania kati yao hulinganisha na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya mujibu wa sheria, lakini ile huwaita wahitimu wa kidato cha sita kwa sababu wamehitimu, bila kura ya kuwatenganisha marafiki wawili wa dawati moja.

Turudi kwako. Hakikisheni jina la mwanao limeingia, mchukue uthibitisho, na umweleze maana yake kama nilivyokueleza. Hofu yako ina sababu, dada yangu, na asikuambie mtu kwamba ni ya kipuuzi. Wavulana wa Kivu wamechukuliwa njiani wakitoka shule. Lakini orodha hii si ile.

Kuhusu mzee, usimwache. Kama ameweza kukutajia namba mbili, ana zaidi ya kusema. Siku akiwa nje, mpelekee chai, umwambie sasa unajua 311 ni nini na 8 ni nini. Mruhusu mwanao awepo kama mzee hatajali, kwa sababu kijana wa miaka 18 atapata kwake kitu ambacho mimi siwezi kumpa kwa maandishi. Usianze kwa kumpa pole ya rafiki yake, maana mwenye namba 8 huenda alikufa, huenda alivuka kwenda Canada wakapoteana, na huenda alirudi salama akawa hataki tena kuongea na wenzake waliobaki. Muulize tu anaitwa nani.